"Punguza Mawazo" si Tiba

Katika miaka yangu yote ya uuguzi, hakuna ushauri niliousikia ukitolewa mara nyingi kama huu: punguza mawazo. Mama anapimwa presha, namba zinatoka kubwa, mhudumu anaziandika, kisha anamwambia, "Mama, presha imepanda, punguza mawazo." Mama anaitikia, anakunja kadi yake na kuondoka. Akirudi mwezi unaofuata, namba ni zilezile na ushauri ni uleule. Daktari anamwambia hivyo, jirani anamwambia hivyo, na wifi yake anampigia simu kutoka Tabora kumwambia hivyohivyo. Wote wanamtakia mema. Lakini hakuna aliyemweleza mawazo hayo yanapunguzwaje, na hakuna aliyemuuliza ni mawazo gani.

Naamini ushauri huo, kwa namna tunavyoutoa, haumtibu mtu. Unamwachia mgonjwa mzigo wake wa zamani na kumtwisha mwingine, maana sasa anaanza kuhofia kwamba anawaza kupita kiasi. Msongo wa mawazo wa kila siku hautoki hewani. Una chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kina jina, kina kiasi cha fedha na kina saa yake ya kuja. Kikijulikana, kuna mengi ya kufanya. Kisipojulikana, tutaendelea kugawa vidonge na kushangaa kwa nini presha haishuki.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani msongo ni jambo la moyoni tu na mtu akijikaza utaisha. Mwili wa binadamu umeumbwa kujihami. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo hutuma amri kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza mapigo, mishipa hubana, sukari huongezeka kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, inayouweka mwili katika tahadhari. Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza mengi ya haya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1936, Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, aliandika jinsi mwili wa panya wanaosumbuliwa mfululizo unavyoharibika: tezi zile za juu ya figo huvimba na tumbo huota vidonda.

Nyoka akipita, mwili hutulia. Marejesho ya mkopo ya kila Ijumaa hayapiti. Yakishalipwa, Ijumaa nyingine inakuja, na mwili unabaki katika tahadhari ileile kwa miezi na miaka. Usingizi ndio unaoharibika mapema. Kwa kawaida presha ya mtu hushuka akiwa amelala, asilimia 10 au zaidi kuliko mchana, na huo ndio muda wa moyo na mishipa kupumzika. Anayelala kwa muda wa saa nne tu huku akishtuka-shtuka anaunyima moyo wake mapumziko hayo kila siku. Hapo ndipo msongo unapokuwa suala la kliniki, pamoja na presha, kisukari kisichotulia, maumivu ya kichwa, tumbo na mgongo ambayo vipimo havioni kitu.

Nilipokuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, matroni wetu alitufundisha maswali mawili ya kumuuliza kila mtu mwenye presha inayokataa kushuka. Usiku unaamka saa ngapi? Kinachokuamsha ni nini? Maswali hayo nimeyatumia tangu wakati huo hadi nilipostaafu, na hata sasa nayatumia ninapowapimia majirani presha nyumbani kwangu Mbagala, Dar es Salaam. Ukimuuliza mtu kama ana msongo wa mawazo, atakwambia hana, ni uchovu tu. Muulize kinachomwamsha saa nane usiku, atakitaja papo hapo.

Nitaeleza watu watatu, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike.

Wa kwanza ni mama anayeuza chakula karibu na stendi ya daladala. Alikuwa katika vikundi vitatu vya mikopo, ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Marejesho ya kwanza yalikuwa Jumatatu, ya pili Jumatano, ya tatu Ijumaa. Alikopa huku ili alipe kule. Mumewe alijua kikundi kimoja tu. Saa tisa usiku aliamka kupiga hesabu: mchele kilo ngapi, mkaa, sahani ngapi zitauzwa, zitabaki shilingi ngapi. Alishamwona mwenzake wa kikundi akibebewa godoro na televisheni mbele ya watoto, na picha hiyo haikumtoka. Presha yake ilikuwa 170 kwa 105 ilhali dawa alikuwa anameza.

Wa pili ni kijana wa bodaboda, hajafika hata miaka 30. Pikipiki si yake, anaendesha kwa mkataba na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Akikosa siku kadhaa, pikipiki inachukuliwa na alichokwisha kulipa kinapotea. Alikuja analalamika moyo unamwenda mbio. Kumbe alikuwa anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, kopo baada ya kopo, ili awe barabarani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku. Kilichomwamsha ni ndoto kwamba amechelewa.

Wa tatu ni dada msomi, karani katika ofisi moja ya binafsi mjini. Mshahara wake unatosha na hana deni kubwa. Kilichomwamsha ni simu. Mkuu wake alikuwa na desturi ya kutuma maagizo kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, na asiyejibu aliulizwa asubuhi mbele ya wenzake. Dada yule alianza kulala na simu mkononi.

Ukiwaambia watu hawa watatu "punguzeni mawazo", umewapa nini? Kila mmoja anahitaji jambo lake.

Kwa mama lishe yule, tiba ilianza na daftari. Tuliandika kila deni, aliyemkopesha, kilichobaki na siku ya kulipa. Deni likiwa kichwani linaonekana halina mwisho, lakini likiandikwa linakuwa namba, na namba inaweza kupangwa. Hatua ya pili ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kumwambia mumewe. Alilia sana kabla ya kukubali. Kisha akaamua asikope tena popote kwa ajili ya kulipa kwingine, na akaenda kwa viongozi wa vikundi viwili kabla ya siku ya marejesho, si baada ya kushindwa, kuomba kiasi cha kila wiki kipunguzwe na muda uongezwe. Kimoja kilikubali, kingine kilikataa. Madeni hayakuisha mwezi ule, lakini usingizi ulianza kurudi. Dawa tuliyokuwa tunampa muda wote ilionekana kama ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi, kwa sababu sasa ilikuwa inasaidiwa.

Hapa Serikali nayo ina wajibu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Ilikuwa hatua njema. Lakini huku mitaani mkopeshaji asiye na leseni hahitaji programu. Ana daftari, ana vijana wa kukusanya, na anawajua wote wanaolala na njaa ya mtaji. Mwenyekiti wa mtaa anamjua, na mtendaji wa kata anamjua. Ninawaomba viongozi hawa walione jambo hili kuwa la afya ya watu wao, sawasawa na mitaro michafu na maji ya kisima. Godoro la familia likichukuliwa kwa sababu ya deni, watoto wanaona, na nyumba nzima haitalala vizuri kwa muda mrefu.

Kwa kijana wa bodaboda na dada wa ofisini, jambo la kuokoa lilikuwa usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Najua wengi watasema hawana nafasi hiyo. Anayekaa Chanika au Bunju na kufanya kazi Posta anaamka saa kumi, anapambana na foleni, anarudi saa tatu usiku. Hata hivyo, ninawasihi watu waulinde usingizi kama wanavyoilinda ada ya mtoto, yaani uwe jambo linalopangwa kwanza, na mengine yafuate. Simu ilale chumba kingine au izimwe. Habari za mitandaoni na mpira wa Ulaya zikiisha saa sita, anayeamka saa kumi ameshapoteza. Kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vile vya makopo viishie mchana, kwa kuwa saa tano baada ya kuvinywa, karibu nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini.

Kijana yule aliacha makopo, akakubaliana na mwenye pikipiki apumzike siku moja kwa wiki bila kudaiwa hesabu ya siku hiyo. Moyo ulitulia. Dada wa ofisini hakuweza kupata nafuu kwa juhudi zake peke yake, kwa sababu aliyekuwa anamnyima usingizi ni mtu mwingine. Kwa hiyo nina neno kwa waajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na apate saa 24 za mapumziko kila wiki. Walinzi wangapi mnaowajua wanapata hizo saa 24? Wauzaji wa maduka je? Wasichana wa kazi za nyumbani je? Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo yanayoonesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mkuu wa ofisi anayetuma maagizo saa tano usiku anapaswa kujua kwamba anagusa mishipa ya damu ya watu wake. Maagizo mengi ya namna hiyo yanaweza kusubiri saa mbili asubuhi.

Kuna dawa nyingine isiyouzwa dukani, nayo ni mtu wa kuongea naye. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu wenye wanasaikolojia wao. Si kweli. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza Harare mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa jamii, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu. Bibi hamwambii mgonjwa apunguze mawazo. Anamwomba ataje matatizo yake yote, achague moja la kuanza nalo, kisha wapange pamoja hatua ndogo ya kuchukua kabla ya kukutana tena. Matokeo ya utafiti wa mpango huo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo baadaye yakafika hadi Zanzibar.

Vilevile, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp kaskazini mwa Uganda, wanawake kutoka Sudan Kusini walikutana mara tano katika vikundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kutumia kijitabu cha picha kilichoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Waliowaongoza hawakuwa wataalamu wa magonjwa ya akili, walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba dhiki yao ya kisaikolojia ilipungua. Kama wanawake waliokimbia vita waliweza kupata nafuu kwa njia hiyo, sisi wenye nyumba na majirani tunashindwa nini?

Sisi tuna vikoba, tuna jumuiya za makanisani, tuna madarasa ya akina mama misikitini, tuna baraza za jioni za kahawa na bao. Tunachokosa ni ujasiri wa kusema ukweli tukiwa hapo. Kwenye kikoba tunahesabu fedha na kula pilau, lakini hakuna anayesema kwamba halali. Wanaume ndio nawahofia zaidi. Wengi wanafika hospitali wakati mkono na mguu wa upande mmoja umeshalegea, na ndugu zao wanashangaa kusikia kwamba mgonjwa wao alikuwa na deni, kesi au barua ya kuachishwa kazi aliyoificha miezi sita. Kaka zangu, kumwambia mkeo au rafiki yako wa kweli jambo linalokuamsha usiku hakukupunguzii uanaume.

Yapo pia mambo madogo ya kufanya kila siku. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatimiza dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kushuka kituo kimoja au viwili kabla ya nyumbani kunatosha kuanzia. Wasiwasi ukikupanda kwenye foleni au kabla ya kikao, vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, ukirudia kwa dakika chache. Kupumua hivyo husaidia mapigo ya moyo kushuka, na hata dereva aliyekwama Tazara anaweza kufanya hivyo. Anayesali, asali kwa utulivu, asiharakishe, maana ibada inawapa watu wengi nafasi pekee ya kunyamaza katika siku nzima.

Pombe iachwe nje ya orodha hiyo. Inaleta usingizi upesi, kisha inaukata katikati ya usiku, na ikizoeleka inapandisha presha. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari ni hatari zaidi, kwani vipo ambavyo mwili huvizoea hadi ukashindwa kulala bila hivyo.

Tahadhari mbili ni za lazima. Ya kwanza, msongo si chanzo pekee cha presha. Umri, urithi wa familia, uzito, kutofanya mazoezi na chumvi vina nafasi kubwa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Aliyeandikiwa dawa za presha aendelee kuzimeza hata akijisikia mzima na moyo umetulia, kwa sababu presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote. Nimewauguza wengi waliopooza baada ya kuacha dawa kwa kuwa kichwa kilikuwa hakiumi tena.

Ya pili, kuna msongo unaovuka mpaka na kuwa ugonjwa. Yakipita majuma mawili huna furaha na kitu chochote, huli au huwezi kutoka kitandani, au ukipatwa na fikra za kujidhuru, hilo si jambo la kutembea nusu saa. Nenda hospitali, na anayekupenda akusindikize siku hiyohiyo. Wengi wanaogopa kwa sababu wakisikia afya ya akili wanaiwazia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Ugonjwa wa akili unatibika kama mwingine, na huduma hiyo inapatikana pia katika hospitali za rufaa za mikoa. Fedheha ya kuonekana pale ni ndogo kuliko msiba.

Kwa wauguzi na madaktari wenzangu: najua foleni ya wagonjwa inavyokuwa ndefu na chumba kilivyo na joto. Lakini kuuliza mtu kinachomwamsha usiku kunachukua muda uleule wa kumwambia apunguze mawazo. Jibu lake liandikwe kwenye kadi pamoja na namba za presha, ili atakayemwona mwezi ujao ajue pa kuanzia. Wizara ya Afya ikiliingiza swali hilo katika utaratibu wa kliniki zote za presha na kisukari, haitahitaji kununua mashine yoyote mpya.

Nawe ndugu msomaji, chukua karatasi leo, andika jambo moja linalokuamsha usiku. Andika mtu mmoja utakayemwambia na hatua moja utakayoichukua kabla ya wiki hii kwisha. Kisha nenda ukapime presha. Mawazo hayapungui kwa kuamriwa. Yanapungua chanzo chake kinaposhughulikiwa, na kazi hiyo mtu hapaswi kuachiwa peke yake.